Hiyo Ndiyo Moja

Kinanda nilikinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Bugembe.
Kina vibonye sitini na kimoja, sitini vinavyolia.
Fa ya tatu ni bubu. Nimejifunza kuiruka
kama unavyoruka ngazi iliyovunjika gizani,
bila kuangalia.

Mkono wa kushoto naupa besi:
mapigo manane, kitufe chekundu, inazunguka.
Mkono wa kulia naupa sauti namba kumi na mbili.
Kwenye kioo wameiandika marimba;
mimi naiita embaire, kwa ajili ya Mjomba Mugoya
aliyekaa upande wa vibao virefu
akipiga kana kwamba amesinzia.
Mapigo manane mengine. Kitufe. Inazunguka.

Mara ya kwanza wanakwenda pamoja.
Mara ya tano wanakwenda pamoja.
Mara ya tisa, kitu kama mchanga kwenye kiatu.
Mara ya kumi na tano huyu anafunga mlango
na yule bado yumo ndani.

Wengine mzunguko huu huuita kitanzi.
Silipendi neno hilo,
lakini leo mchana, shati limenigandia mgongoni,
Kirunda anapiga simu mara ya tatu kuulizia muziki wa arusi,
shingo yangu imelielewa.

Nilizaliwa kambini, Jinja. Kiswahili changu
ni cha gwaride, cha geti, cha foleni ya maharage.
Baba alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya jeshi;
aliniambia kushoto kabla hajaniambia mwanangu.
Ukichelewa nusu hatua, alisema,
uwanja mzima utaviona viatu vyako.
Basi nahesabu kwa kisigino, moja mpaka nane,
nasubiri noti ya mwisho inyamaze kabisa,
kwa adabu, kama mgeni amalize kusema,
ndipo nabonyeza.
Na kila mara nachelewa.

Nje, Tibita na mtoto wa fundi cherehani wanazungusha kamba
iliyodondoka kwenye lori la miwa la Kakira.
Nangobi anaingia katikati, anatoka, anaingia,
nywele hazijaguswa.
Nasimama mlangoni. Unajuaje pa kuingia?
Tibita ananitazama kama nimeuliza
maji yanaanza kulowesha saa ngapi.
"Usingoje iishe, Shangazi. Haiishi.
Ikichapa chini, hiyo ndiyo moja."

Narudi. Nafuta. Naanza upya.
Moja mpaka nane, na kidole hakingoji kimya;
kinashuka juu ya moja inayofuata,
juu ya utosi wake, kabla haijajua imezaliwa.
Mara ya tisa, pamoja. Mara ya kumi na tano.
Mara ya arobaini, maji ya posho yanachemka, pamoja.
Kirunda anasikiliza kwa simu: safi, anasema,
kama sare iliyopigwa pasi. Jumamosi watu wacheze.

Usiku sare hiyo inanichosha.
Imesimama wima, haina hata pa kujikuna.

Nawasha tena, sauti chini, Tibita amelala.
Besi naiachia nane zake.
Embaire naipunguzia pigo. Saba.
Sasa wanaachana, na safari hii
kidole changu hakina kesi ya kujibu;
huyu anatangulia, anachungulia kona,
anarudi kutoka upande nisioutazamia,
na kila raundi nyumba ina mlango mahali pengine.

Watakutana. Saba mara nane
nimeipiga nyuma ya risiti ya sukari.
Nahesabu, kisigino kimetulia.
Lori linabadilisha gia kwenye mlima,
halimo kwenye hesabu, nalipisha.
Hamsini na tatu.
Hamsini na nne.
Tibita anajigeuza, mkeka unalalamika.
Hamsini na tano.
Hamsini na sita.